Jina la Maradhi si Dawa Yake

Iko desturi katika shule zetu ambayo haijapata wapinzani kwa kadiri inavyostahili. Mwanafunzi hupewa orodha ya maneno yahusuyo afya na maradhi. Safu moja ya Kiingereza, safu ya pili ya Kiswahili. Huyakariri usiku, huyatapika asubuhi katika mtihani, akapata alama zake, na tangu siku hiyo hudhani kwamba anajua habari za maradhi. Dhana hiyo naipinga. Ajuaye jina la ugonjwa hajaujua ugonjwa. Na ajuaye jina hilo kwa lugha asiyoifahamu mgonjwa, msaada wake kwa mgonjwa ni haba.

Sisemi Kiingereza kiachwe. Vitabu vyetu vya biolojia vimeandikwa kwa lugha hiyo, mitihani yake hufanywa kwa lugha hiyo, na karatasi iliyokunjwa ndani ya kisanduku cha dawa aghalabu huwa ya lugha hiyo. Atakaye kuwa daktari, muuguzi au mfamasia hana budi kuyajua maneno hayo, tena kwa usahihi. Nisemalo ni kwamba kujifunza kwa orodha ni kujifunza nusu, na nusu ya elimu ya maradhi ina hatari kuliko ujinga unaojijua.

Tazameni neno homa. Orodha husema ni "fever". Lakini mtu wa Nairobi au Nakuru asemapo ana homa, mara nyingi ana maana ya mafua: pua yamchuruzika na anapiga chafya. Kwa tabibu, "fever" ni joto la mwili lililopanda kupita kiasi. Tazameni tena neno kichomi. Orodha hulilinganisha na "pneumonia", ugonjwa wa mapafu. Lakini kichomi ni pia maumivu ya kuchoma ubavuni, nayo yana sababu nyingi.

Sasa mfikirini kijana aliyempeleka bibi yake zahanati, naye ndiye mkalimani. Bibi asema ana kichomi. Kijana, kwa fahari ya orodha yake, amwambia tabibu "pneumonia". Bibi ameeleza aumwavyo. Mjukuu ametoa hukumu ya ugonjwa. Tabibu mwangalifu atauliza zaidi. Tabibu aliyechoka, mwenye foleni ndefu mlangoni, huenda asiulize. Lililotakiwa ni kusema kwamba bibi anachomwa ubavuni, tangu lini, avutapo pumzi maumivu yazidi au hayazidi, anakohoa au hakohoi. Maneno ya Kiingereza ya kusemea hayo ni madogo, wala hayana fahari, na kwa sababu hiyo hayamo katika orodha. Lakini ndiyo yenye faida.

Wako wasemao kwamba maneno ya Kiingereza yamebeba sayansi, na yetu yamebeba dhana za kale. Na wajiulize neno malaria limetoka wapi. Limetoka katika Kiitaliano, na maana yake ni hewa mbaya, kwa kuwa watu wa Ulaya waliamini kwamba homa hiyo huletwa na mvuke wa mabwawa. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, alimpasua mbu akavikuta vimelea vya malaria tumboni mwake. Elimu ikageuka; jina likabaki na kosa lake. Basi nani atatwambia kwamba akariripo jina amekariri sayansi?

Tena Kiingereza chenyewe hakikuona haya kukopa kwetu. Mwaka 1952 ulizuka ugonjwa katika nchi ya Wamakonde, kusini mwa Tanganyika, uliowakunja watu kwa maumivu ya viungo. Madaktari wakauita chikungunya, neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja. Na ulipowashika watu wa Lamu mwaka 2004, uliitwa jina hilo hilo. Kwashiorkor, ugonjwa wa watoto wakosao chakula chenye protini, ni neno la lugha ya Waga wa Ghana. Daktari Cicely Williams alilitia katika maandishi ya kitabibu mwaka 1935. Waandishi hao walisikiliza kwanza wenyeji wanauitaje ugonjwa, kisha wakaandika. Sisi twataka kuandika bila kusikiliza.

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 yataka mgonjwa aelezwe habari za hali yake, inapowezekana, kwa lugha anayoifahamu. Nani ataitimiza sheria hiyo, ikiwa daktari wa kesho, ambaye leo amekaa darasani, hajui kumweleza mama kwamba mwanawe ana kifaduro au pepopunda? Nani atamweleza mzee kwamba shinikizo lake la damu limepanda, na kwamba asiache dawa ati kwa kuwa hasikii maumivu? Wazee walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Kusema na mgonjwa kwa lugha asiyoielewa nako ni kumficha maradhi yake mwenyewe.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu tuiweke orodha mahali pake, nayo iwe mwanzo wa somo, isiwe mwisho wake. Kila jina la ugonjwa lifuatwe na maswali matatu. Ugonjwa huu huletwa na nini? Mgonjwa husikia nini mwilini? Nitamwelezaje mama yangu asiyesoma? Mawili ya kwanza yajibiwe kwa Kiingereza na kwa Kiswahili; la tatu lijibiwe kwa lugha ya mama huyo, iwe Kiswahili, Kikamba, Kiluo au Kisomali.

Nanyi wanafunzi, msingoje kuamriwa. Jioni moja chukueni maneno kumi mliyoyakariri, mkamweleze maana yake mtu mzima wa nyumbani. Neno atakalolielewa, hilo mmelijua. Neno litakalowakwamisha, rudini nalo darasani mkaulize, hata kama mtihani wake mlikwisha kuupita.