Busha si la madafu, jamani!

Wandugu, kuna uongo mmoja nimechoka kuusikia hapa Kilwa Masoko: eti busha linaletwa na madafu. Mnazi umesingiziwa vya kutosha! Huku pwani ya Lindi busha, yaani ngiri maji, mara nyingi ni kazi ya minyoo ya filaria, na anayetuambukiza minyoo hiyo ni mbu.

Mtu atauliza: sasa maji yanajaaje? Mwilini kuna protini iitwayo VEGF-A. Kazi yake ni kupeleka ujumbe kwenye mishipa: chipua, panuka, pitisha maji. Ujumbe ukizidi, mishipa inavuja. Protini hii huioni kwa macho, ndiyo maana watafiti wanatumia kingamwili. Wanazipaka kwenye kisahani cha plastiki, wanatia majimaji ya damu, zinaidaka VEGF-A peke yake. Kisha kingamwili nyingine inaleta rangi. Rangi ikikolea, protini ni nyingi.

Kwa kipimo cha namna hiyo, utafiti wa Ghana uliochapishwa 2009 ulionyesha kwamba wagonjwa wa busha waliopewa doksisaiklini, dawa inayoua bakteria waishio ndani ya minyoo hiyo, walipungua VEGF-A na hali ya mabusha yao ikawa nafuu. Dafu halikutajwa!

Kuna wanaosema tulieni, kingatiba ipo. Sawa, kazi hiyo ilianzia Mafia mwaka 2000 na naiunga mkono. Ila ivamektini na albendazoli zinaua vimelea vichanga kwenye damu ili mbu asiwasambazie wengine. Mwenye busha kubwa anahitaji kisu cha daktari, si kidonge.

Kwa hiyo nasema mawili. Wakubwa, mkitusomea idadi ya waliomeza vidonge, tusomeeni na idadi ya waliofanyiwa upasuaji na wanaosubiri. Na utafiti kama ule wa Ghana uletwe huku, damu ya wagonjwa wetu nayo ipimwe.

La pili ni letu sisi. Tunacheka, tunatunga majina, na baba wa watu anajifungia ndani, haendi baharini, haendi msikitini. Anafika hospitali busha likiwa limeshakua. Huo si utani tena, ni kumnyima mwenzetu matibabu. Kunyweni madafu yenu, fukieni madimbwi, na mwenye uvimbe mpelekeni hospitali mapema.