Lubumbashi: Dekapotable ya bei rahisi, hesabu kwanza kabla ya kutuma pesa

Siku ya Jumamosi, msafara wa ndoa unapopita katikati ya mji wa Lubumbashi, gari linalogeuza macho ya watu wote ni lile lililofunguliwa paa. Jioni hiyohiyo kuna kijana atakayefungua simu yake, atafute gari la namna ile kwa wauzaji wa Japani, na kushangaa kwamba bei yake ni ndogo kuliko alivyofikiri. Atawaza kulipangisha kwa ndoa au kujifurahisha tu. Halafu ataanza kuhesabu akiba yake ya miaka mingi.

Kupenda gari zuri si kosa. Kosa ni kuamini kwamba bei iliyoandikwa kwenye simu ndiyo thamani ya gari. Kwa upande wetu, gari nafuu ni lile ambalo mtu anaweza kulifikisha nyumbani, kuliandikisha, kulitengeneza na kuliendesha bila kuhatarisha maisha yake. Kwa dekapotable, hesabu hiyo ni kali zaidi.

Tuchukue mfano wa Mazda MX-5. Lilianza kuuzwa mwaka 1989, na mwaka 2016 kiwanda kilifikisha gari la milioni moja. Ndiyo sababu ya okazioni bado ziko nyingi sokoni. Paa lake la kitambaa linafunguliwa kwa mkono, hakuna pompi wala mota ya kuharibika. Peugeot 206 CC, inayotoka Ulaya, ina paa la chuma linalojikunja kwa umeme. Linapendeza, lakini siku mota hiyo inapokufa paa likiwa wazi na mvua inakuja, fundi wa mtaani hatakuwa na piesi yake. Kwa mwenye pesa kidogo, paa rahisi ndilo paa zuri.

Lakini MX-5 ina viti viwili tu. Anayetaka kulipangisha kwa ndoa ajue mapema kwamba bwana harusi atalazimika kushika usukani mwenyewe.

Namna gani basi kujua thamani ya gari hilo? Anza chini, usianze kwenye rangi. Gari la kawaida linashikwa imara na paa lake pia. Dekapotable haina msaada huo, nguvu yake karibu yote iko kwenye sakafu na kwenye vyuma vya pembeni chini ya milango. Kutu ikila pale, au kama gari liligongwa pale, hata injini nzuri haiokoi kitu. Fungua na kufunga milango. Kama mmoja unakwaruza au nafasi zake hazilingani, uliza kwa nini. Kwa MX-5 za zamani, tazama hasa vyuma hivyo na sehemu ya juu ya magurudumu ya nyuma.

Kisha fungua paa na kulifunga mara tatu. Angalia mikunjo ya kitambaa, raba za madirisha, na kioo cha nyuma ambacho kwa MX-5 za kwanza ni cha plastiki na kinafifia. Mwaga ndoo ya maji juu ya paa, halafu gusa kapeti chini ya miguu. Ikiwa imelowa au inanuka ukungu, maji yamekwisha kuingia siku nyingi. Hapa kwetu mvua inapiga tangu Novemba hadi Aprili, na kiangazi kinaleta vumbi. Paa lililochoka halitavumilia hata msimu mmoja.

Anayenunua mbali hawezi kumwaga ndoo. Huyo adai karatasi ya mnada. Magari mengi ya Japani yanapita kwenye minada ambako mkaguzi anayapa alama. Namba 4 na zaidi ni dalili nzuri, 3 inataka uangalifu. Herufi R au RA inaonyesha gari lililotengenezwa baada ya ajali, na kwa dekapotable hiyo ni sababu ya kuachana nalo. Muuzaji anayekataa kuonyesha karatasi hiyo amekwisha kukujibu.

Baadaye inakuja safari. Gari linashuka kwenye bandari ya Dar es Salaam, linapita Tunduma, linavuka Zambia na kuingia kwetu kwa mpaka wa Kasumbalesa. Kila hatua ina malipo yake. Duane haihesabu bei ya ununuzi peke yake, inaongeza usafiri na bima. TVA ya 16% inahesabiwa juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru wa duane. Inabaki plake na carte rose. Wengi wameacha gari mpakani kwa sababu walitumia pesa yote kwa ununuzi. Ushauri wetu ni huu: andika malipo yote kwenye karatasi moja, na weka pembeni pesa ya tairi, raba na kitambaa cha paa kabla ya kusema gari ni rahisi.

Kuna jambo lingine zito kuliko pesa. Magari ya Japani yana usukani wa kuume, na sisi tunaendesha upande wa kuume wa barabara. Ukiwa chini ndani ya MX-5, nyuma ya lori la madini kwenye barabara ya taifa namba 1 kuelekea Likasi, huwezi kuona kinachokuja mbele mpaka gari lako lote limetoka upande wa pili. Tena huna paa la chuma juu ya kichwa. Bei ndogo haifai hatari hiyo. Anayetaka kusafiri mbali atafute la usukani wa kushoto, hata kama ni ghali zaidi. Na kabla ya kulipa, aulize duane sheria za leo juu ya usukani na umri wa gari.

Serikali nayo ina kazi yake. Malipo yote ya gari la okazioni yabandikwe wazi Kasumbalesa, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, ili raia ajue anacholipa na anamlipa nani. Wauzaji wa mjini watoe karatasi ya mnada kwa kila gari bila kuombwa.

Na wewe msomaji, kama hesabu imezidi akiba yako, funga simu na ungoje. Gari la kupendeza litapatikana tena. Akiba ya miaka mitano ikipotea kwa gari moja la kutu, si rahisi kuipata mara ya pili.