Kipimo cha sumukuvu huanzia kwenye gunia

Ndugu mkulima na mfanyabiashara, ukichota kiganja kimoja cha mahindi juu ya gunia ukapima sumukuvu, umetupa hela. Sumu hii haienei sawasawa: punje chache zaweza kuibeba karibu yote, na za jirani zikawa safi. Kwa maoni yangu, bambo lina thamani kuliko kipimo chenyewe. Chomeka magunia mengi, juu, kati na chini. Changanya, saga yote, ndipo uchote cha kupima. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu za kuvu. Kwa hiyo changieni bambo kwanza, vipimo baadaye. Sampuli mbovu ikikudanganya, atakayekula ni mwanao au mteja wako.