Si kila baka ni choa

Mkazi wa Kampala akitokwa na mabaka yenye magamba, hukimbilia duka la dawa, na mara nyingi huambiwa ni choa. Huuziwa krimu yenye steroidi kali. Baka hutulia, lakini krimu ikiachwa ghafla, hurudi kwa nguvu zaidi. Hivyo ndivyo soriasisi, ugonjwa usioambukiza wala usiotokana na uchawi, inavyokaa miaka bila kutambuliwa.

Lawama si za muuzaji peke yake. Picha nyingi za vitabu vya tiba ni za wekundu juu ya ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu baka huwa la zambarau, kijivu au kahawia iliyokolea. Vishimo kwenye kucha na vidole vinavyokaza asubuhi navyo hupuuzwa, ilhali soriasisi huweza kushambulia viungo, na kiungo kilichoharibika hakirudi katika hali yake. Soriasisi ikizuka ghafla na kwa ukali huweza kuashiria VVU, hivyo mgonjwa apimwe VVU pia.

Mwaka 2014 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha azimio juu ya soriasisi. Lakini azimio peke yake halitoshi, na kliniki ya ngozi ya Hospitali ya Mulago, Kampala, haiwezi kuubeba mzigo wote. Wizara ya Afya iwafunze wahudumu wa vituo vya mitaani, na izuie steroidi kali kuuzwa bila cheti cha daktari.