AZIMIO SI KAZI



Katika mkutano mkuu wa tawi letu mwaka jana tulipitisha azimio kwamba usalama wa zamu ya usiku utengenezwe. Mikono yote iliinuliwa, tukapiga makofi, tukarudi makwetu Kaloleni, Makadara, Mbotela na Jericho tukiwa na furaha. Miezi minne baadaye mwenzetu mmoja alitumbukia katika shimo la kukagulia mabehewa, mahali ambapo taa zilikuwa zimekufa siku nyingi, akavunjika mguu.

Tulipofungua kitabu cha mkutano kutafuta nani aliagizwa kudai zile taa, hatukuona jina la mtu, wala tarehe. Mwajiri ana lawama yake, nasi hatutamwondolea. Lakini barua ya kudai taa haikuandikwa. Kila mjumbe alidhani mwenzake ameiandika. Sisi wa kamati tunalikubali kosa hili mbele yenu.

Wazee walisema mipango si matumizi. Na sisi watu wa reli hatukuhitaji kukumbushwa. Treni haiendi kwa sababu watu wote wanapenda ifike. Mahali penye njia moja, haitoki stesheni mpaka stesheni ya mbele imekubali kwamba njia ni tupu, na aliyetoa ruhusa anajulikana. Dereva ana kazi yake, gadi ana yake, na fundi wa njia ana yake. Mmoja akisema, "Mwenzangu ataangalia," watu hufa. Mbona basi kazi ya Chama tunaiendesha kwa namna ambayo hatungethubutu kuendesha hata behewa tupu?

Waliotutangulia katika mitaa hii walilijua jambo hili. Mwezi wa Mei 1950, Makhan Singh na Fred Kubai walipokamatwa, wafanyakazi wa Nairobi waligoma zaidi ya juma zima. Hawakusema tu kwamba maisha ni magumu. Walitaja: viongozi wafunguliwe, mshahara wa chini uwe shilingi 100 kwa mwezi, watu wasikamatwe usiku majumbani mwao. Hawakupata yote, lakini kila mtu, rafiki na adui, alijua kinachodaiwa. Dai lenye hesabu ni vigumu kulijibu kwa maneno matamu.

Kwa hiyo kamati imeligawa azimio letu hivi:

Kwanza, kila zamu itachagua watu wawili wa kuandika taa zote zilizokufa na mashimo yote yaliyo wazi. Hesabu yao ifike kwa katibu kabla ya Jumamosi ya pili ya mwezi.

Pili, katibu atapeleka barua kwa mwajiri siku saba baada ya hapo, na nakala itabandikwa ubaoni ili kila mtu aisome.

Tatu, sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuunda kamati ya usalama na afya. Mwenyekiti wetu atauliza kamati yetu iko wapi, ilikaa lini, na nani kati yetu yumo.

Nne, mkutano wa kila mwezi utaanza kwa kusoma majina na kazi walizopewa, kabla ya hotuba yo yote. Aliyeshindwa aeleze sababu, apewe msaidizi. Akinyamaza mara mbili, kazi apewe mwingine.

Wapo wanaonung'unika kwamba twataka kuwageuza wanachama kuwa makarani. Wanasema mtu ametoka zamu asubuhi, amechoka, na nyumbani kodi inamngoja. Ni kweli, nasi tumechoka vivyo hivyo. Ndiyo maana kazi tumezikata ndogo ndogo. Kuhesabu taa hakumalizi saa moja. Kulala hospitali kwamaliza miezi.

Mwenzetu sasa anatembea kwa gongo. Hakuna azimio litakalomrudishia mguu wake wa zamani. Basi katika mkutano ujao, kabla ya kuinua mikono, tuulizane: kazi hii ni ya nani, na itakwisha siku gani? Kama hakuna anayejibu, tusipige makofi.