Mgeni Anaoga, Mwenyeji Ana Kiu

Nitasema wazi, na mwenye kununa anune. Unguja inakwenda kipande kipande, na kila kipande kinapokwenda sisi tunaalikwa kwenye jiwe la msingi. Tunakula pilau, tunapiga makofi, tunarudi nyumbani kufungua mfereji usiotoa hata tone.

Hujaona? Simama jioni moja kwenye barabara ya kwenda Nungwi. Boza linakata kona kuingia geti la hoteli, maji yanavuja njia nzima. Nyuma yake mama wa watu anakokota baskeli, madumu manne ya lita 20 yamefungwa kwa mpira, mawili matupu kwa sababu kisima cha jirani kimekauka kabla zamu yake haijafika. Boza linakwenda kujaza bwawa la kuogelea. Bwawa, ndugu yangu, hatua chache kutoka Bahari ya Hindi! Mtu katoka Ulaya kuja kuoga bahari, tunamuogesha maji yako ya kunywa.

Unadhani natia chumvi? Mwaka 2012 shirika la Tourism Concern la Uingereza lilitoa utafiti wake wa maji katika vijiji vyetu vya utalii, Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Kaya ya kawaida ilitumia wastani wa lita 93 kwa siku. Chumba cha hoteli ya nyota tano kilitumia lita 3,195. Kaya ni baba, mama, watoto na bibi mzaa baba. Chumba ni watu wawili na mataulo yao. Hiyo ilikuwa 2012. Mwaka 2024 wageni walipita 700,000. Piga hesabu mwenyewe, mimi nimechoka kuzipiga.

Na maji hayo yanatoka wapi? Hapa hapana Kilimanjaro. Mvua ikinyesha inapenya kwenye nyufa za mawe, inatulia chini, na huko maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi. Ndiyo akiba yetu yote. Wataalamu wa maji wana kanuni ambayo ningependa ibandikwe kwenye kila ofisi ya sheha: shusha maji matamu mita moja, chumvi inapanda kutoka chini kwa kiasi cha mita 40. Moja kwa arubaini! Kila anayechimba kisima kirefu pwani na kufunga pampu usiku na mchana anaivuta bahari kuja jikoni kwako. Na chumvi ikishaingia kisimani haiondoki kwa kikao wala kwa waraka.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Wangekuwepo leo wangetukana. Anachimba yeye, tunaingia sisi.

Kinachonitia hasira zaidi ni hiki. Mwekezaji anakuja na ramani, anaoneshwa mwitu wa maweni, anaambiwa hapa hapana kitu, ni pori tu, jaza fomu. Hapana kitu? Mwitu huo ndio unaoshika udongo haba uliopo juu ya jiwe, ndio unaoipunguzia mvua kasi ili izame badala ya kukimbilia baharini na tope. Humo anaishi kima punju, ambaye duniani kote hapatikani isipokuwa Zanzibar. Humo amebaki paa nunga, anayehesabika miongoni mwa wanyama walio hatarini kutoweka. Mwaka 2004 tukatangaza Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, kilomita za mraba 50 hivi, tukajiona tumemaliza kazi. Kima hajui mpaka wa hifadhi. Anatoka kwenda kula kwenye mashamba, na akivuka barabara anasagwa na gari linalowahi uwanja wa ndege.

Ingia na baharini. Mikoko inakatwa boriti na mkaa, halafu tunashangaa samaki wadogo wamekwenda wapi. Walikuwa wakilelewa pale pale ulipokata! Mwamba unaovunja mawimbi kabla hayajafika kijijini unapigwa nanga na kukanyagwa na wageni ambao hakuna aliyewaambia kwamba tumbawe lina uhai. Kina mama wa Paje na Jambiani, walioanza kulima mwani mwaka 1989, sasa wanabanwa pande mbili. Maji yamepata joto, mwani bora unawafia mikononi. Nayo pwani waliyozoea kushukia imezungushiwa ukuta na askari mwenye rungu, anayemuuliza mtoto wa hapo hapo anakwenda wapi.

Utanijibu: utalii unaleta ajira. Naam, unaleta. Zaidi ya robo ya pato la Zanzibar linatoka huko, na mimi nina ndugu wanaotandika vitanda hotelini, siwaombei njaa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tumelelewa na neno hilo. Lakini lina sehemu mbili, nasi tumebaki na ile ya kwanza tu. Na wazee hao hao walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wetu hana jembe. Ana mkataba wa miongo na pampu.

Wala usiniambie hakuna njia nyingine. Panda boti uende Chumbe, hapo hapo kusini ya mji. Tangu miaka ya 1990 kisiwa kile ni hifadhi yenye nyumba 7 tu za wageni. Hawana kisima, wanakinga mvua kwa mapaa na kuihifadhi kwenye matangi. Vyoo havitumii maji hata kidogo. Bwawa hakuna, na wageni wanalipa, tena si haba, kwa sababu mwamba na mwitu vipo. Watoto wa skuli wanapelekwa kujifunza, wanarudi wanajua mengi kuliko wazazi wao. Kama Chumbe inaweza bila tone la kisima, hoteli yenye bustani ya majani ya Ulaya kwenye jua la Kaskazini inashindwa nini?

Lakini nisimlaumu mgeni peke yake. Wewe je? Nani aliyeuza kiwanja cha pwani kwa bei ya pikipiki, na pikipiki yenyewe imeshakufa? Nani anayepakia mchanga usiku kwa kurunzi, akaacha shimo ambalo mvua ya masika inaligeuza dimbwi la mbu? Ulikuwa wapi siku sheha alipoita mkutano? Umelala, mwenzangu. Umelala, na godoro lenyewe limeshauzwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2015 ipo, na inadai tathmini ya athari kabla ya mradi wa hoteli kuanza. Basi wakija kijijini na ramani, idai hiyo tathmini, kwa Kiswahili, isomwe hadharani mbele ya sheha. Waulize maji watatoa wapi, na vyoo vyao vitamwaga wapi, maana jiwe hili linapitisha kila kitu hadi kwenye visima vyenu. Waoneshe kwa kidole njia ya kwenda pwani, waseme itabaki pale pale au la. Wakikwambia hayo yatajadiliwa baadaye, usitie saini, na pilau yao usile.