Somo la Chuma Lianzie Bwawani

Mwalimu mwanafunzi ajiandaaye kufundisha sayansi Bukoba au Muleba hukuta vitabuni picha ya tanuri la Ulaya, na chini yake maelezo kwamba kaboni huondoa oksijeni katika mtapo wa chuma. Maelezo ni sahihi. Lakini mtoto wa Kihaya akipewa hayo tu, huondoka darasani akidhani elimu ya chuma ilikuja kwa meli. Utaratibu huo siukubali.

Mwaka 1976 wazee wa Buhaya, wakiwa pamoja na mwanaakiolojia Peter Schmidt, walijenga upya tanuri la asili. Walijaza shimo kwa matete ya bwawani yaliyochomwa yakawa makaa, wakapanga juu yake mkaa na mtapo, kisha wakavukuta. Mirija ya udongo ilipenya ndani ya tanuri, hewa ikapata moto kabla ya kuufikia mkaa. Mtapo ulioyeyuka ulidondokea matete. Kaboni ya mmea ikaondoa oksijeni, nyingine ikaingia katika chuma na kukigeuza pua. Mabaki ya matanuri ya kale yamefukuliwa Kemondo. Schmidt na Donald Avery walieleza hayo mwaka 1978 katika jarida la Science. Wataalamu wengine waliibishia hoja ya hewa kupashwa moto, na ubishi huo nao ufundishwe.

Siku hizi maabara huchanganya chumvi ya chuma na lignini, kitu kikazacho mti, na kuchoma pasipo hewa hadi nyuzi 1,000 hivi. Hupatikana chembe za chuma ndogo kupindukia, zilizovikwa grafini, yaani kaboni yenye unene wa atomu moja. Vazi hilo huzikinga na kutu. Tusiwaambie watoto kwamba babu zao walitengeneza grafini. Huo ni uongo wa kujipendekeza. Yatosha waone kwamba katika kazi zote mbili kaboni ya mmea hukutana na chuma motoni, na kila kimoja humbadili mwenziwe.

Maabara haihitajiki. Mwalimu atie vipande vya matete katika kopo lenye kifuniko kilichotobolewa tundu dogo, aliweke motoni mwenyewe, watoto wakae mbali. Moshi ukiisha na kopo likipoa, walifungue, walinganishe tete jeusi na tete bichi. Kisha wapewe msumari wenye kutu, na mwalimu anyamaze kwanza, asikie watakachouliza.